Mkate wa Liongo na menyu ya jinsia

Hajime Tabata, Mjapani aliyeongoza utengenezaji wa Final Fantasy XV, aliwahi kuulizwa mbona kundi lake la mashujaa ni wanaume watupu. Gemu yenyewe, ya aina inayoitwa RPG, ilitoka mwaka 2016. Mwanamfalme Noctis na wenzake watatu wanazunguka nchi kwa gari, wanapiga kambi, wanapika, wanapiga picha, wanataniana. Jibu la Tabata lilikuwa kwamba vijana wa kiume wakiwa peke yao huwa wakweli zaidi, na akiingia mwanamke hata mmoja mienendo yao hubadilika.

Huko nje watu walimrukia. Mimi nilicheka, kwa sababu jibu hilo nimeishi nalo tangu utotoni bila mtu kulitamka. Nimezaliwa na kukulia Lamu, mtaa wa Langoni, na baraza za mji huu nazijua kwa masikio. Ukitoka Mkunguni ukaifuata njia kuu, kila penye vijana waliokaa mazungumzo hukatika ukifika. Mmoja atakohoa, mwingine ataangalia simu, salamu zitapita kwa adabu zake, na ukishakata kona kicheko kinaendelea palepale kilipoachwa. Kwa hivyo Tabata hakudanganya. Wanaume wakiwa peke yao wana maneno yao kweli. Kinachonikera ni ile dhana kwamba hayo ndiyo maneno ya safari, na mengine yote ni ya kubaki nyumbani. Nyumba za kale za hapa zina wikio, kile chumba kinachovuka juu ya njia na kuunganisha nyumba na nyumba. Wanawake wa zamani walikuwa wakitembeleana kwa huko juu, na wanaume wamekaa chini wakiamini kwamba mji ni wao. Hao nao walikuwa safarini, ila hakuna aliyewatengenezea gemu.

Kwa asiyezijua, RPG (kifupi cha role-playing game) ni zile gemu ambazo unaingia katika maisha ya mtu mwingine. Hupigi mpira wala hukimbizi gari. Unamchukua mhusika akiwa dhaifu, unazunguka naye, unaongea na wanakijiji, unapewa kazi ndogondogo, unapanda levo, unanunua upanga ulio bora kidogo kuliko wa jana, na baada ya saa hamsini au mia umeiokoa dunia au umeiharibu. Muda wote huo unamtazama mtu mmoja mgongoni. Ndiyo maana swali la huyo mtu ni nani lina uzito huku kuliko katika gemu nyingine. Wachezaji ishirini na wawili wa uwanjani huna haja ya kuwajua mama zao.

Mahali pa gemu mtaani kwetu ni chumba chenye feni, televisheni kadhaa na PlayStation zilizochoka. Unalipa kwa mechi. Kinachochezwa ni mpira, na mpira ukichosha ni GTA, ile ya magari na ujambazi. Hakuna kibao kinachokataza wasichana, na hakuna msichana anayeingia. Mimi nilijifunzia nyumbani, kwenye simu kwanza, kisha kwenye laptopu iliyokwisha kutumiwa na watu wengi kabla yangu, na ninavyoona si ajabu kwamba kilichonipata ni RPG. Mpira unataka mpinzani, mashabiki na kelele. RPG inataka chaji na usiku. Mama akiita, unahifadhi ulipofika, unaenda kukuna nazi, unarudi na adui wako bado amesimama anakungoja. Nawajua wasichana kadhaa wa hapa wanaocheza hivyo, ndani ya chandarua, sauti imezimwa. Kila mtu akizungumza kuhusu wachezaji wa gemu wa Lamu, hao hawahesabiwi.

Iliyonishika kwanza ilikuwa Final Fantasy VI, gemu ya mwaka 1994 ambayo mimi niliipata kwenye simu, imeshazeeka. Ina wahusika 14 wa kuwaendesha. Anayebeba kisa mwanzoni ni Terra, msichana aliyefanywa silaha na dola. Lakini aliyenikalisha kitako ni Celes. Celes alikuwa jenerali wa dola hiyohiyo, akaasi. Kuna mahali anatakiwa ajifanye mwimbaji wa opera ili kumnasa mcheza kamari mwenye meli ya angani aliyepanga kumwiba mwimbaji huyo, na unalazimika kuyakariri maneno ya wimbo ili usiharibu onyesho. Halafu katikati ya gemu dunia inavunjika. Inavunjika kweli, ramani nzima inabadilika, na giza likiondoka unajikuta katika kisiwa kidogo, wewe ni Celes peke yako, wenzako wote hujui waliko, na pana mzee mmoja mgonjwa anaitwa Cid. Kazi yako ni kumvulia samaki. Wanaokwenda mbio majini ni wazima. Wanaojikokota ni wabovu, na ukimlisha hao hali yake inazorota mpaka anafariki.

Mtoto wa kisiwani hahitaji kufundishwa samaki gani wa kumpa mgonjwa. Nilivua hadi nikamponyesha. Nilichokipenda, ingawa wakati ule nisingeweza kukieleza, ni kwamba mtu huyuhuyu aliongoza majeshi, akaimba jukwaani, akavua samaki, na gemu haikuona ajabu katika lolote. Haikumsifu kwa kuwa mwanamke mwenye upanga. Wala haikujifanya haijui kwamba ni mwanamke, maana lile onyesho la opera lisingewezekana bila hilo.

Celes na Terra hawakuwa wa kwanza. Mwishoni mwa mwaka 1987 kampuni ya Kijapani ya Sega ilitoa Phantasy Star, na shujaa wake ni Alis, msichana anayeshika upanga baada ya kakake Nero kuuawa na askari wa mtawala Lassic. Miongoni mwa waliochora gemu ile alikuwamo Rieko Kodama, mmoja wa wanawake wachache waliokuwa katika kazi hiyo miaka ile. Mwaka uliofuata, 1988, Dragon Quest III ikaja na njia nyingine kabisa: kabla hujaanza inakuuliza, shujaa wako ni mwanamume au mwanamke? Ukishajibu, safari ni ileile.

Tangu hapo tuna njia mbili, na hazifanani hata kidogo. Moja inakupa mtu aliyekwisha kuandikwa. Nyingine inakupa swali kwenye menyu. Mabishano mengi ya mitandaoni yanahesabu menyu tu: gemu hii ina chaguo la mwanamke, ile haina, hii imeongeza mitindo ya nywele. Sisemi menyu ni kitu kidogo. Pokémon ilianza mwaka 1996 na mvulana peke yake, ikafika Crystal, mwaka 2000, ndipo msichana akaruhusiwa kutoka nyumbani kwao. Kwa mtoto wa miaka minane tofauti hiyo ni kubwa. Ila menyu inajibu utafanana na nani. Kama dunia ya gemu itajua umekuja, hilo si kazi yake.

Chukua Mass Effect, RPG tatu za studio ya BioWare ambamo unaongoza meli ya anga za juu. Mtoto wa ami yangu, kijana mwenye ndevu zake, amezimaliza zote tatu zaidi ya mara moja, na kila mara Komanda Shepard wake ni mwanamke. Siku moja wenzake walimkuta akicheza wakaanza:

"We, mbona wajifanya mwanamke?"

"Najifanya komanda," akasema, na hakusimamisha gemu.

Nilipomuuliza baadaye faraghani alinambia, "Dada, ni sauti." Na kweli ni sauti. Shepard wa kike ameigizwa na Jennifer Hale, wa kiume na Mark Meer, na ukimsikia Hale akitoa amri hutamani kuisikia tena. Wote wawili wanasoma karibu maneno yaleyale. Waandishi wa BioWare waliandika maneno ya askari, yakagawiwa watu wawili. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Kwa kuwa hakuna aliyekaa kumwandikia Shepard wa kike kisa chake mwenyewe, hakuna pia anayemuuliza ameolewa lini, wala anayemwambia apumzike, wala anayeshangaa kwamba meli ni yake. Anaingia chumbani, watu wanasimama. Msichana wa Lamu anayeucheza ule mchezo anapata saa nyingi za kusikilizwa ambazo pengine hatazipata ofisini. Kwamba zilitokana na kubana matumizi badala ya nia njema hainisumbui.

Uvivu huo una mahali unapojianika. Miondoko ya Shepard ilitengenezwa kwa mwili wa mwanamume, basi katika Mass Effect 2 kuna kazi moja ya wizi ambapo Shepard wa kike anavalishwa gauni la karamu, na akikaa anatanua mapaja kama nahodha kwenye ukingo wa jahazi. Tulicheka mpaka mama akaja kuangalia.

Mwaka 2021, Mass Effect zilipotolewa upya kwa pamoja, BioWare walitangaza kwamba asilimia 32 ya wachezaji walimchagua Shepard wa kike na 68 wa kiume. Kuna wanaoitumia hesabu hiyo kusema kwamba wanawake hawatakiwi. Lakini tazama makasha. Gemu mbili za mwanzo, 2007 na 2010, kasha lina uso wa mwanamume, na matangazo yana uso huohuo. Ni Mass Effect 3, mwaka 2012, ndiyo iliyoleta karatasi ya kasha yenye pande mbili, na mwanamke yuko upande wa ndani. Ukitaka kumwona ulilazimika kuichomoa na kuigeuza. Mtu aliyefichwa nyuma ya karatasi akapata thuluthi moja, mimi naona ameshinda.

Sasa upande wa pili. Dragon Age: Origins, ya mwaka 2009, nayo ni ya BioWare, na inakupa asili sita za kuanzia. Moja ni elfi wa mjini, kiumbe wa ngano anayefanana na binadamu. Maelfi hao wanaishi Denerim katika mtaa wa kufungiwa, na wanadamu ndio mabwana zao. Kisa kinaanza siku ya harusi yako. Kabla ndoa haijafungwa, Vaughan, mwana wa mtawala, anaingia na wenzake na kuwachukua wanawake.

Ukiwa umechagua mwanamume, bibi harusi wako ametekwa na wewe unaingia kasri kumtafuta. Hicho ni kisa tunachokijua sote. Ukiwa umechagua mwanamke, uliyetekwa ni wewe. Unazinduka chumbani ukiwa na nguo zako za harusi, pamoja na binamu yako Shianni na wanawake wengine. Askari wanakuja. Mmoja wa wanawake wale anauawa mbele yako. Kisha binamu yako Soris anatokea mlangoni na kukusukumia upanga sakafuni. Bwana harusi wako Nelaros, ambaye umeonana naye kwa dakika chache tu na ulikuwa bado unawaza kama utampenda, anauawa akija kukutoa.

Niliisimamisha nikaenda kunywa maji. Nimekaa sana na mabibi harusi wa huku, usiku wa kupakwa hina na piko, wanawake wamejaa ndani, milango imefungwa, mtu anaimba. Najua hofu inayofichwa katika vicheko vile. Hofu ya Denerim ni nyingine, lakini aliyekiandika kisa kile alikaa akafikiria: je, aliyeko ndani ya chumba ni yupi? Kuta ni zilezile, harusi ni ileile, visa ni viwili. Iliandikwa mara mbili, ikalipiwa mara mbili. Hiyo ndiyo gharama ambayo wengi hawataki kuitoa, ndiyo maana wanakuongezea mitindo ya nywele.

Halafu kuna wale wengine wanaokuzunguka ndani ya gemu, ambao hatuwahesabu kabisa. Mwaka 2023 Stephanie Rennick wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Seán Roberts wa Cardiff na wenzao walichapisha katika jarida la Royal Society Open Science hesabu ya mazungumzo ya RPG 50, wahusika zaidi ya 13,000. Wanaume walizungumza takriban mara mbili ya wanawake. Sehemu ya wanawake ilikuwa kama asilimia 35 ya maneno yote, na katika gemu 94 kwa kila 100 wanaume ndio waliozungumza zaidi. Hata Final Fantasy X-2 ya mwaka 2003, ambamo watatu unaowaendesha ni Yuna, Rikku na Paine, wanawake watupu, iliangukia humohumo.

Inawezekanaje? Ni mlinzi wa lango, muuza dawa, mzee wa kijiji, kuhani, mwizi, baharia, mlevi, adui mkubwa na wadogo zake wote. Kila mtu wa kupita njia ambaye mwandishi hakumfikiria, kalamu imemfanya mwanamume. Tangu nisome hilo nikiingia mji wowote wa gemu huwa nasikiliza ni nani anayenisemesha. Lamu hii inayosifika kwa kuwaficha wanawake, huwezi kununua mahamri na mbaazi za asubuhi bila kuongea na mwanamke mlangoni pake, na akiwa na habari zake utaondoka umechelewa kazini. Miji mingi ya gemu ni ya kiume kuliko Lamu.

Kuhusu biashara sitakaa sana. Mwaka 2020 shirika la habari la Bloomberg liliripoti kwamba ndani ya Ubisoft, kampuni inayotengeneza Assassin's Creed, kulikuwa na imani kuwa mashujaa wanawake hawauzi, kwamba Kassandra wa Assassin's Creed Odyssey alipangwa awe shujaa peke yake kabla ya kupewa ndugu yake Alexios wa kuchaguliwa, na kwamba katika Assassin's Creed Origins ya mwaka 2017 Aya, mkewe shujaa Bayek, alipunguziwa nafasi. Odyssey ilitoka mwaka 2018, na nimekutana na watu wengi wanaomtaja Kassandra na wachache mno wanaomtaja Alexios. Mwezi Desemba 2024 ilitangazwa kwamba The Witcher ijayo itaongozwa na Ciri, ambaye katika gemu ya tatu, mwaka 2015, tulikuwa tunapewa vipande vyake vichache tu kati ya safari za Geralt, shujaa wa gemu hizo. Kelele zikaanza siku hiyohiyo. Sijui watu wale walikuwa wakitazama wapi katika vile vipande, maana yeye ndiye aliyekuwa akitafutwa muda wote.

Bayek niliyemtaja aliigizwa na Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Mwaka 2024 studio yake, Surgent Studios, ikatoa Tales of Kenzera: ZAU. Si RPG kamili, ni ya kuruka na kupigana, lakini unaweza kuisikiliza kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Kijana aliyefiwa na babake anapatana na Kalunga, mungu wa mauti, ili arudishiwe. Siku tuliyoifungua nyumbani hata mama alikaa. Kusikia lugha yako ikitoka kwenye kitu ambacho kwa kawaida hukusemesha Kimarekani, moyo unalainika. Lakini unamwendesha Zau peke yake. Nilimaliza nikiwaza mjane wa yule baba angefanya mapatano gani na Kalunga.

Gemu za karibuni zimevuka hayo ya mwanamume na mwanamke. Elden Ring, mwaka 2022, haikuulizi jinsia, inakupa mwili aina ya A au B. Baldur's Gate 3, mwaka 2023, inakuachia uchague mwili, sauti na utambulisho kila kimoja peke yake. (Gemu hiyo inataka nafasi ya gigabaiti 150. Hakuna bando la hapa linaloweza kuibeba. Yetu ilitoka Mombasa ndani ya diski, kwa basi hadi Mokowe, kisha kwa boti pamoja na magunia ya vitunguu.) Undertale, ya mwaka 2015, ina mtoto ambaye jinsia yake haitajwi hata mara moja, na watu wamecheza wakamaliza bila kuona pengo lolote. Hapa kwetu mambo haya hayazungumzwi mbele ya wazee, na sina nia ya kuyageuza hotuba. Nayaweka kwenye mizani ileile tu. Katika Dragon Age: The Veilguard, mwaka 2024, kuna Taash, asiyejihesabu kuwa mwanamume wala mwanamke, na sehemu anazogombana na mamake zina ukweli, lakini mara nyingine nilihisi nasomewa kijitabu cha kliniki. Krem wa Dragon Age: Inquisition, miaka kumi kabla yake, ananishika zaidi. Alizaliwa msichana, anaishi ni mwanamume, ni naibu wa kikosi cha mamluki, ana utani mkali, na kisa chake hukisikii mpaka umuulize mwenyewe. Ameigizwa na yuleyule Jennifer Hale. Kasoro ni kwamba Krem humwendeshi.

Kama nikipewa studio, ningeanza na Liongo. Bibi yangu alinihadithia kabla sijajua kusoma, "Ndoo nikwambie," na habari ikawa ndefu: Fumo Liongo, jitu la upinde na mashairi, sultani wa Pate anamwogopa, anamfunga gerezani. Mtu wa menyu atakupa Liongo wa kiume na Liongo wa kike, uchague. Ningeicheza hiyo pia, sijivungi. Lakini angalia kazi yote inafanywa na nani. Kila siku Saada, mjakazi wa nyumba yao, anapeleka chakula, na walinzi wanakila kizuri na kumwachia Liongo makombo. Liongo anaimba kutoka ndani, na katika wimbo anamtuma Saada akamwambie mamake aoke mkate wa wishwa, yale makapi ya nafaka, atie tupa ya kukatia chuma katikati. Mama anaoka. Saada anapita nao mbele ya walinzi. Hawautaki, ni wishwa, wanamwachia. Usiku ngoma inapigwa, kelele zinafunika mlio wa tupa, na pingu zinakatika.

Silaha ya Saada ni kudharauliwa. Hapekuliwi kwa sababu ni mwanamke na ni mtumwa na amebeba mkate wa kimaskini. Mwandike mwanaume huru mahali pale na kisa kizima kinaporomoka mlangoni. Na huo utumwa wake huku kwetu tunaupita haraka tukihadithia. Katika kisa nilichopewa mimi, Liongo akishatoka Saada hatajwi tena. Alipata nini? Walinzi walimfanya nini asubuhi yake? Bibi hakujua, na nilipomuuliza alinitazama kwa mara ya kwanza kana kwamba swali ni la maana.

Ukishuka Malindi kuna Mekatilili wa Menza, na huyu si hadithi. Mwaka 1913, mjane wa Kigiriama, anazunguka vijiji na ngoma ya kifudu, ngoma ya matanga, anakusanya watu dhidi ya Waingereza, viapo vinaliwa, mukushekushe kwa wanawake na fisi kwa wanaume. Wakoloni wanampeleka Kisii pamoja na Wanje wa Mwadorikola, nao wanatoroka wanarudi pwani. Kila hatua hapo ina jinsia ndani yake: nani anaruhusiwa kucheza ngoma gani, nani anakula kiapo kipi, nani anasikilizwa akiwa mjane. Mfumo mzima wa gemu umeshaandikwa.

Gemu ya Saada nimeanza kuitengeneza mwenyewe kwa RPG Maker, programu ya kuundia gemu, polepole, laptopu ikikubali. Ina jiko, njia na mlango wa gereza. Haina kitufe cha kupigana. Ina kuitika, kuinamisha macho, kungoja, kuchekesha, na kufunika kapu. Inayonitoa jasho ni walinzi. Wakiwa hawaugusi kamwe mkate wa wishwa hakuna hofu, na wakiugusa ovyo mchezaji anaona ameonewa, basi nimewapa njaa: kadiri jua linavyopanda bila chakula kizuri kuja, ndivyo mmoja wao anavyoweza kuuma chochote. Binamu yangu, komanda, ndiye anayenijaribia. Mara ya kwanza aliharakisha, hakuleta chakula kizuri cha kuwashibisha, mlinzi akauma mkate akavunja jino. Akaniuliza, hivi akifika mwisho atapewa Liongo amwendeshe? Nikamwambia Liongo yuko ndani na pingu, atamsikia akiimba tu. Akaguna, akaanza upya, na safari hii alipita jikoni kwanza akachukua wali na kuku wa walinzi.